Hamira Ukweni

Mwanaume anayekwenda ukweni mara moja kwa mwaka hutandikiwa kitambaa mezani. Anayekwenda kila mwezi hupewa chai. Anayekwenda kila siku, kama alivyokuwa akifanya Hamira, hupewa bisibisi na kuonyeshwa mlango wa kabati uliolegea.

Alasiri hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la vyombo, skrubu mbili mdomoni, akikaza bawaba. Nyuma yake, kwenye kochi, mkewe alikuwa akinyonyesha. Na kwenye kiti kilichoelekeana na kochi, pale ambapo mtu anaweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo, alikaa mama mkwe. Chupa ya chai ilikuwa pembeni yake, vikombe pembeni yake, sukari pia. Mama huyu alikuwa mwalimu mstaafu na aliwajua binadamu: ukitoka darasani kufuata chaki, ukirudi utakuta mengine. Kwa hiyo hakutoka. Kila alichokihitaji alikiandaa kabla mkwe hajapiga hodi.

"Mama," akaita binti yake, "hizi kwikwi si nyingi?"

"Kwikwi ni kukua. Zako wewe jirani alikuwa anazisikia."

"Na akicheua hivi, maziwa yana mabonge?"

"Yameganda tumboni. Mweke wima begani, mpapase mgongo."

"Na hapa utosini panavyodunda, ni sawa?"

"Pasingedunda ndiyo ungeniuliza."

"Na kile choo cha jana, cha kijani?"

Mama akasafisha koo. "Mwanangu, mumeo yuko hapa."

"Si choo cha mwanawe?"

Hamira akakohoa, skrubu moja ikamtoka mdomoni na kubingirika chini ya kabati. Akainama kuitafuta, akachukua muda mrefu kuliko skrubu ilivyostahili.

Watu wa mtaani walikuwa wamempa binti yule jina la Maswali, na hawakumwonea. Kabla ya kujifungua alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa kupima mara moja na kukata. Alimtazama mtoto wa watu akiingia mlangoni akajua kiuno chake kabla ya kunyoosha utepe. Kisha akazaa wake, akagundua kwamba huyu hana kipimo. Leo analala kutwa, kesho analia kutwa. Leo anacheka na ukuta, kesho anaukasirikia. Basi akaanza kuuliza. Aliwauliza manesi wa kliniki, akamuuliza jirani, akamuuliza muuza dawa aliyekuwa anataka kufunga duka lake. Na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba usiku mmoja wa baridi kali, mumewe akiwa hana zamu ya kuoka, alimuuliza yeye.

"Hivi mtoto huyu anasikia baridi?"

Mwanaume mwingine angesema ongeza shuka. Lakini Hamira hakupewa jina hilo kwa mzaha. Alikuwa mwokaji tangu ndevu hazijamwota, na katika maisha yake yote alikuwa amelea kitu kimoja tu chenye ulaini ule, uzito ule na harufu ile ya maziwa: donge la unga. Donge likisikia baridi, kila mwokaji anajua cha kufanya. Akafunga dirisha. Akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Akaweka sufuria za maji ya moto kwenye pembe za chumba, akawa anazibadilisha kila zinapopoa, na kupima hewa kwa kiwiko kama anavyopima chumba cha kuumulia pale kiwandani. Mkewe, aliyekuwa hajalala vizuri tangu siku ya kujifungua, aliona joto limekuja, akamshukuru, akasinzia.

Asubuhi mama mkwe alikuja kumjulia hali mzazi. Alipofungua mlango wa chumba, mvuke ulimpiga miwani ikawa ukungu. Aliivua, akaifuta, akaivaa. Akamtazama mjukuu wake, mwekundu wa harara kuanzia shingoni hadi mapajani, amekasirika kama mzee aliyenyimwa kiti. Akazitazama sufuria. Akamtazama mkwe.

"Sasa, baba," alisema kwa upole uliomkata Hamira maini, "tumsubiri aumuke mara ya pili, au unamwingiza tanurini moja kwa moja?"

Siku hiyohiyo akamchukua binti yake na mtoto. Nesi wa kliniki aliwaambia ni harara tu, wampunguzie nguo, wamwache apate hewa. Harara ilipona kabla hata mizigo haijafunguliwa vizuri. Mke hakurudi. Baridi nayo ikapita, mtoto akakaza shingo, akajifunza kucheka na watu badala ya ukuta, na bado hakurudi.

Leo Hamira alikuwa amekuja na neno moja tu, ambalo alilifanyia mazoezi njia nzima: turudi nyumbani. Kulikuwa na jambo la kazini alilotakiwa kulijibu kesho asubuhi, na jibu lake lilikuwa limekaa kwenye kochi lile, linanyonyesha. Akiondoka hapa bila mke leo, alijua hatapata tena moyo wa kuomba. Mtu huchoka kuombwa, lakini hata kuomba kunachosha.

Bawaba ilikuwa imekaza zamani. Aliendelea kuizungusha kwa sababu mlango wa kabati lile ulikuwa wa kioo, na ukiusogeza kidogo, hivi, unapata kochi zima. Alimwona mkewe akiwa ameinamisha uso, unywele mmoja umemwangukia shavuni. Akausogeza mlango kidogo tena. Mkewe akainua macho, akayakuta macho yake kwenye kioo, kati ya sahani na vikombe. Hakuna aliyetabasamu. Walitazamana tu, kama watu wawili wanaoonana kwenye mabasi yanayopishana, na kila mmoja akahisi basi lake linaondoka.

"Hiyo bawaba ina ugonjwa gani?" mama mkwe akauliza.

"Inataka uvumilivu, mama."

"Naona."

Mtoto akaachia titi, akaguna, akarudi kazini.

"Mama," akasema Maswali, "yale maji ya kumwogeshea mtoto uliyainjika?"

"Yako jikoni."

"Tangu saa ngapi?"

"Si tangu tulipomaliza kula."

"Hayatakuwa yamekauka?"

Mwalimu akaweka kikombe chini. Hilo lilikuwa swali la haki. "Nenda kayaangalie."

"Ananyonya."

Wote wawili wakamtazama Hamira aliyepiga magoti, kisha wakatazamana. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kutamkwa: Hamira na maji ya moto ya mtoto visikutane. Mama mkwe akawaza. Akamtazama binti yake kwa muda, naye binti akatazama dari kwa uso wa malaika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azae kuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo.

"Nakuja sasa hivi," akasema mama, na lile neno sasa hivi alilikazia kama msumari.

Ndala zake zilipofika jikoni, Hamira akageuka, bado yuko magotini. Maneno aliyoyafanyia mazoezi yakamkimbia yote, kama kuku waliofunguliwa banda.

"Umenenepa," akasema.

"Umetembea njia yote hiyo kuja kuniambia nimenenepa?"

"Kwetu ni sifa. Mkate mwembamba nani ananunua?"

"Na wewe umekonda. Kwetu sisi si sifa." Alikuwa ametaka kucheka, lakini akasita. Akamtazama vizuri, kwa lile jicho lake la kupima. "Macho yako yana nini?"

"Yana nini?"

"Meupe. Tangu nikujue, mchana macho yako ni mekundu. Nilidhani umezaliwa nayo." Sauti yake ikashuka. "Unalala usiku, wewe."

"Nalala."

"Wapi?"

"Wapi tena? Kwangu."

"Mwokaji gani analala usiku kwake? Nani anakupa usingizi, Hamira?"

Aliuliza kwa utulivu, lakini mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto ulikuwa umesimama. Hamira aliona, na mara akaelewa anachoshukiwa, na badala ya kukasirika akajisikia vizuri kwa namna ya aibu. Hakuna anayemwonea wivu mtu asiyemtaka.

"Niko kaunta," akasema. "Nimeomba zamu ya mchana. Nauza."

"Unauza? Wewe?"

"Najaribu."

"Unauzaje?"

"Juzi kuna mama alichukua mkate nikamwambia huo aurudishe, haujaiva katikati. Akaurudisha. Akaondoka. Na waliokuwa nyuma yake wakaondoka. Msimamizi akanihamishia upande wa keki, kwa kuwa keki sizijui, sina la kuzisema."

Mkewe alicheka, akajiziba mdomo kwa shuka la mtoto, mabega yakimtikisika. Hamira hakuwa amesikia kicheko kile tangu siku za baridi. Alitamani jiko lile lizime, maji yasichemke mpaka mwaka ujao.

Kisha kicheko kikakatika. "Kwa nini umeacha tanuri?"

"Mama aliniuliza usiku utakuwa na nani, mimi nikiwa kazini. Sikuwa na jibu. Nikalitafuta."

"Hukuniambia."

"Kila siku nakuja kukuambia. Kila siku nakuta kabati limelegea."

"Usinifanyie mzaha." Sasa alikuwa amekasirika kweli, hasira ya kunong'ona, ambayo ni mbaya kuliko ya kupiga kelele kwa sababu mtu anachagua kila neno. "Mimi nauliza mpaka rangi ya choo. Naonekana mjinga mtaa mzima kwa kuuliza. Wewe unaacha kazi unayoipenda, kazi iliyokupa hata jina, kimya kimya, kama unavyoweka sufuria kwenye pembe za chumba. Hukuniuliza kama nataka joto. Hukuniuliza kama nataka muuza keki."

Hilo lilimwingia. Akaitazama bisibisi mkononi mwake.

"Sijaiacha moja kwa moja," akasema. "Wanatafuta kiongozi wa tanuri. Wamesema ni mimi nikitaka, niwajibu kesho. Ukirudi nyumbani, nawaambia sitaki. Usiporudi, basi narudi kwenye moto. Usiku nikae kwenye nyumba ile peke yangu nafanya nini?"

"Usiporudi," akarudia mkewe polepole. "Nani kasema sirudi?"

"Mama. Nikimuuliza, anasema umesema bado."

"Mimi mama ananiambia wewe umesema nyumba haijakaa sawa."

Wakatazamana, safari hii bila kioo. Jikoni kulikuwa kimya. Kulikuwa kimya, walipofikiria baadaye, kwa muda mrefu kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji mikononi, na mtu aliyebeba beseni lililojaa hawezi kujifanya ndiyo kwanza anafika, kwa sababu maji yake yametulia.

"Sikusema uongo," akasema, akaliweka beseni juu ya stuli. "Wewe siku ya kwanza ulisema bado. Na wewe, baba, siku ya pili ulisema nyumba haijakaa sawa, unaianika. Mimi nimerudia tu mlivyosema."

"Mpaka leo, mama?" akauliza binti yake.

"Kazi ya mwalimu ni kurudia."

Hakuna aliyecheka. Mama akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo kidogo na mwenye usingizi.

"Nisikilizeni. Baba yake huyu alikuwa dereva wa malori. Anaondoka, mnaonana likirudi gari. Mtoto akipata homa saa mbaya, wewe ndiye unayeamka, wewe ndiye unayemfuta kwa maji, wewe ndiye unayekaa kitandani unasikiliza anavyopumua na kungoja kupambazuke. Unamwambia nani? Ukuta. Nilifanya hivyo miaka yote ile, na nilikuwa na meno yote na nguvu zote, lakini sikuwa na mtu wa kumuuliza. Huyu anauliza mpaka anachosha, najua. Mimi sikuwa na wa kumchosha. Sitaki arudi kwenye nyumba ya mwanaume anayelala mchana."

"Sasa analala usiku, mama," akasema binti.

"Nimesikia. Nimesikia pia habari za keki." Akamgeukia Hamira. "Mwanaume aliyeacha kazi yake kwa ajili ya mke, mwaka wa kwanza anajisifu. Mwaka wa tatu anamdai. Sikusemi wewe, nasema binadamu. Basi mimi nina shauri. Kesho waambie unalitaka hilo tanuri. Mke wako arudi kwako leo. Na mimi usiku nitakuwa nakuja kulala naye, chumba chenu ni kikubwa. Asubuhi ukirudi kutoka kazini, mimi naondoka. Kila mtu amepata chake."

Shauri lilikuwa zuri. Huo ndio ulikuwa ubaya wake. Halikuwa na tundu hata moja la kupitishia kidole: kazi imerudi, mke amerudi, mtoto ana bibi, bibi ana mjukuu. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho si kitu cha kutajwa mbele ya mama mkwe. Mtu aliyelala peke yake tangu msimu wa baridi angetoka kwenye kitanda chake jioni, na mama mkwe angeingia.

"Ni shauri zuri, mama," mdomo wa Hamira ukasema wenyewe, kwa adabu. Mdomo ule ulikuwa umelelewa vizuri.

"Usimjibu mama," akasema mkewe.

"Eh?"

"Nijibu mimi. Nimewauliza watu wote maswali, wewe nilikuuliza moja tu, nikaogopa kukuuliza tena. Sasa nakuuliza la pili. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Hamira akamtazama. Akamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa ameivaa tena miwani yake ili asikose kitu. Jasho likamtoka, yeye aliyezoea kusimama mbele ya moto. Kuna mambo mwanaume huyasema kwa rafiki, mengine kwa daktari, na mengine kwa mke taa zikiwa zimezimwa. Hakuna lugha yoyote iliyowahi kuyatengenezea maneno ya kuyasema kwa mama mkwe, mchana, bisibisi mkononi. Lakini wahenga walishamaliza: mficha uchi hazai. Na yeye alikwishazaa, ushahidi ulikuwa pale, unacheua.

"Nataka kulala kwangu," akasema.

"Sema vizuri," akasema mkewe.

"Nataka kulala kwangu na mke wangu." Akaendelea haraka, kabla mama hajaingilia. "Mama, nisamehe. Shauri lako ni zuri kuliko langu. Lakini mimi nimemkumbuka. Nikiamka mkono wangu unamtafuta kabla sijafungua macho, unakuta mto. Tanuri nalipenda, sikatai. Lakini tanuri halinikumbuki likiwa peke yake. Sikujua kumtunza mtoto, nimejifunza. Nimekwenda kwa yule nesi nikamuuliza: chumba kiwe na hewa, mtoto alale chali, nguo moja zaidi ya ninayovaa mimi, basi. Sitaweka sufuria tena. Akisikia baridi nitamuuliza mama yake. Akilia usiku nitaamka naye, tutakuwa wajinga wawili badala ya mmoja. Hicho ndicho ninachotaka. Na kama nitamdai mwaka wa tatu, niitwe hapa nipewe makabati yote ya mtaa huu."

Akanyamaza, akiwa amechoka kama aliyekanda gunia zima. Mkewe alikuwa amemwinamia mtoto, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, na kidole gumba kilikuwa kikipanda na kushuka juu ya mgongo wa mtoto, kikipanda na kushuka, bila kujua kinachofanya.

Mama mkwe alimtazama juu ya miwani. Kisha akasema, "Kumbe una mdomo."

"Ninao, mama. Ulikuwa na skrubu."

Kitu kikapita pembeni ya midomo ya yule mwalimu, akakimeza. Akanyanyuka, akachovya kiwiko kwenye beseni kupima maji, akakiacha humo.

"Mama," akaita binti yake.

"Nini tena."

"Nikiondoka, utaongea na nani?"

Katika maisha yake yote mama yule hakuwahi kuulizwa na binti yake jambo akakosa jibu. Alijua kwikwi, alijua utosi, alijua choo cha kijani. Sasa alisimama na kiwiko majini, mgongo wake ukiwatazama, na maji yakawa yanatulia na kutikisika, yanatulia na kutikisika. Hamira akaangalia bisibisi. Mkewe hakuangalia kando.

"Maji yamefikia kiasi," mama akasema mwishowe. "Mwogesheni yanapoa. Mwogesheni wenyewe. Mimi naenda kukunja nguo zake."

Akaingia chumbani na kufunga mlango. Huko ndani wakamsikia akifungua droo na kuifunga, akifungua na kuifunga, zaidi ya droo zilizokuwemo.

Walimwogesha pamoja, mmoja ameshika kichwa, mwingine ameshika sabuni. Mtoto aliwatazama kwa zamu kama hakimu asiyeridhishwa na mashahidi wote wawili. Mara vidole vyao vikakutana chini ya maji, chini ya ule mgongo mdogo, na wala hakuna aliyeondoa chake.

"Hivi ni kweli unanitafuta kwa mkono?" akauliza mkewe kwa sauti ya chini sana.

"Unauliza tena?"

"Nauliza."

"Nikikujibu tena hapa mama yako atatafuta kabati jingine."

Jua lilikuwa bado liko juu walipotoka. Mama aliwakabidhi mfuko mmoja, kisha wa pili, kisha akakumbuka wa tatu. Alimpa mkwe wake maagizo ya mambo ambayo mkwe wake alikwisha kuyasema mwenyewe, neno kwa neno, naye Hamira akaitikia yote, ndiyo mama, ndiyo mama. Alimbusu mtoto kwenye unyayo. Binti yake hakumbusu, alimnyooshea kola.

"Nitakuja kesho kuwaona," akasema. "Mchana."

"Njoo, mama."

"Nimesema mchana."

"Nimesikia, mama."

Wakashika njia. Hamira alibeba mifuko yote, na kwa mifuko ile alitembea kama mtu aliyeiba duka. Mkewe alimfuata na mtoto kifuani, akivuta pumzi.

"Kesho utawaambia nini kazini?"

"Wampe mwingine."

"Na wewe?"

"Nitajifunza keki."

"Tanuri litarudi tu," akasema mkewe. "Huyu akishaanza kulala usiku kucha, utaenda ukawaambie unalitaka. Safari hiyo utaniuliza kwanza, nami nitakujibu ndiyo."

"Wanaanza lini kulala usiku kucha?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Hamira. Kuna vitu na mimi sivijui. Punguza mwendo, unakimbilia wapi? Nyumba haina miguu."

"Nyumba haina. Mama yako anayo."

Mkewe akacheka kwa sauti, pale katikati ya barabara, mpaka mwanamke aliyekuwa akianika nguo akageuka kuwatazama. Na akiwa bado anacheka, akatazama nyuma.

Mama alikuwa getini. Hakupunga mkono, na hakuwa na kitu mikononi. Alisimama kama mwalimu wa zamu siku ya kufunga shule, anayewasubiri wanafunzi wa mwisho wapinde kona ili afunge geti. Lakini hawa walikuwa bado hawajapinda, na hakufunga.

Binti yake akageuza uso. Akamweka mtoto vizuri kifuani, akampita mumewe na mifuko yake, akawa yeye ndiye anayetembea mbele, haraka, bila kusema na bila kuuliza kitu, kwa sababu alijua akisimama kidogo tu atarudi.